Muhuri wa Mikate ya Hosiyat

Nyumba za mtaa wetu mjini Kokand zimeupa uchochoro mgongo. Mpita njia huona udongo na lango tu. Maisha yenyewe, mizabibu na vikohozi na ugomvi, yako ndani, uani. Hosiyat, mwoka mikate, alizaliwa nyuma ya kuta hizo, na simu ilipoingia nyumbani kwake aliiona kama dirisha lililotobolewa upande wa njia bila ruhusa yake. Akaliziba jicho la kamera kwa plasta ya kidonda. Akivua kilemba, aliifunika simu kwanza. Kila Alhamisi aliifukiza moshi wa isirik, majani tunayochoma kufukuza kijicho, mpaka spika ikaanza kukohoa.

Maoni yake aliyatoa kichwa kikiwa ndani ya tanuri, kwa hiyo yalitufikia yakiwa na mwangwi. Alisema mtandao ni karamu isiyo na mwenyeji: watu wanakula, hakuna wa kumshukuru. Alisema picha ni kama unga uliomwagika, huwezi kuuzoa bila kuzoa na mchanga. Kuhusu neno la siri, alishikilia kwamba liwe kitu ambacho mtu hawezi kukisahau. Ndiyo maana mtaa mzima tulijua kwamba lake lilikuwa jina la ng'ombe wake.

Alikuwa na binti mdogo, Nafosat, karani wa zahanati. Zulayho wa mtaa wa juu alimtaka binti huyo kwa mwanawe Odiljon, fundi wa majokofu. Nafosat naye alimtaka. Alikuwa amemwona siku alipokuja kutengeneza jokofu la dawa, na tangu siku hiyo alikuwa akiliombea jokofu lile liharibike tena.

Posa ililetwa na jirani yetu Karomat, aliyeeleza kwamba siku hizi watu hutaka picha kwanza. Hosiyat alifikiri sana. Mwishowe akatuma picha ya Nafosat akiwa na gauni lake la hariri, na mahali pa uso akabandika komamanga. Wakitaka kuliona tunda, alisema, waje mtini.

Lakini Zulayho alifinyangwa kwa udongo uleule. Baada ya siku chache picha ya Odiljon ikaja: suti nzuri, viatu vinang'aa, na juu ya shingo tikiti. Chini yake aliandika, "Na sisi tuna bustani."

Kisha kimya. Kwetu, mpaka wazee wa pande mbili wameumega mkate pamoja, hakuna uchumba; kila upande waweza kuondoka bila kutoa sababu. Mtaa ukazitoa sababu kwa niaba yao. Ilisemekana msichana ana kovu, na kijana ana upara. Nafosat hakulalamika, akaanza tu kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

"Mama, umeniuza kama tunda," alisema siku moja, akikamua shuka.

"Nimekukinga, mwanangu."

"Umenikinga mpaka na mume."

Hilo lilimwingia Hosiyat. Akamwomba binti yake amfungulie akaunti isiyo na mtu ndani, akaiita Atirgul, akaweka picha ya waridi, akaingia kumpeleleza Odiljon. Alikuta majokofu matupu, yaliyopigwa picha mbele na nyuma. Ila katika kuzurura huko aliangukia kundi la wanawake wa achari na mikate, na humo akakutana na mmoja mwenye picha ya ndege, aliyejiita Bulbul.

Bulbul aliwaza kama yeye. Bulbul naye aliziba kamera. Bulbul aliandika kwamba anayetuonyesha pilau yake atuonyeshe na tumbo linavyomkata baadaye, na Hosiyat alicheka mpaka mikate ikaungua. Wakawa mashoga. Akamsimulia magoti yake yanayolia ngazini, mumewe anayekoroma, ufunguo wa lango unaofichwa chini ya kopo la mnanaa. Nafosat alipomuuliza kama haogopi kumwambia mtu asiyemjua mambo yote hayo, mama yake alishangaa.

"Hana hata uso, nimwogope nini?"

Alimtumia na picha ya mikate ya asubuhi. Mkate nao hauna uso.

Alasiri moja Bulbul akaandika: "Shoga, kuna mama wa mtaa wa chini kanitumia binti mwenye kichwa cha komamanga. Naona nimwache. Anayeficha hivyo ana la kuficha."

Hosiyat aliketi juu ya gunia la unga. "Na tikiti lake je?" alimuuliza ng'ombe. Aliandika matusi, akayafuta. Aliandika mengine, mazuri zaidi, akayafuta kwa huzuni. Kisha akaandika hivi:

"Mama kama huyo namjua. Harusi ya binti yake mkubwa, mpiga video aliitupa mtandaoni bila kuuliza. Watu wasiowahi kula chumvi yake waliijadili pua ya bibi harusi kama nyama ya buchani. Mpaka leo akicheka anaziba uso kwa mkono. Usimlaumu mama huyo."

Bulbul hakujibu. Nafosat alifua mapazia.

Hosiyat alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa Kokand analijua. Kabla ya kuingia tanurini, mkate hupigwa katikati muhuri wa misumari unaoacha alama ya ua, na kila mwoka mikate ana muhuri wake. Wake ulichongwa na baba yake, na msumari mmoja uling'oka zamani. Ua lake lina pengo. Zulayho aliusoma ujumbe ule, akairudia picha ya mikate, akaenda sokoni kukagua vikapu mpaka akalikuta lile pengo. Muuzaji akamtajia jina.

Kesho yake kulipopambazuka vizuri, alisimama langoni kwa Hosiyat na mikate miwili ndani ya kitambaa. Alipokaribishwa uani, akaweka mmoja mezani, akagusa lile ua.

"Dada Hosiyat, huu wako umeng'oka jino."

Hosiyat alitazama ua, akamtazama mgeni. "Bulbul?"

"Hilo la mtandaoni. Nyumbani tunaitwa tikiti."

Nafosat aliingia na chai, uso wazi, mikono bado ina povu la sabuni. Zulayho alimtazama bila haraka, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa njiani.

"Komamanga lilikuwa kubwa mno," alisema. "Limetuzibia mengi."

Wazee wakaitwa, na mkate uliomegwa ulikuwa ule wenye pengo. Hakuna aliyepiga picha. Kina mama wawili walikusanya simu zote kwenye sinia la kukandia unga wakazifunika. Hata hivyo chai haijapoa, pongezi zilikuwa zimeshajaa langoni. Ukuta wetu hauna dirisha, lakini una Karomat upande wa pili.

Wakati wa kuaga, Zulayho alitoa kichupa cha mafuta ya kondoo kwa ajili ya magoti, kisha akamnong'oneza Hosiyat kwamba ufunguo usikae tena chini ya mnanaa, maana mtandaoni kuna watu.

Hosiyat alikubali. Wageni walipoondoka aliuhamisha, kisha akamwandikia Bulbul mahali alipouweka.