R Ina Miguu Miwili

Kabla ya kuitwa mwalimu nilikuwa mtu wa fedha. Msinicheke. Nilikaa chini ya mwavuli Ilemela, meza moja na simu za kutuma na kutoa pesa, na kama fedha za watu zinapita mkononi mwako kutwa nzima basi wewe ni mtu wa fedha, hata kama jioni unapanda mlima kwa miguu kwa kukosa nauli.

Wateja wangu wengi hawakujua kusoma. Walinipa simu na kunitajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Bibi mmoja alikuwa anaitaja kama anaita kuku. Siku pesa zake zilipopotea, kidole kikaelekezwa kwa nani? Nikalala mahabusu, ndoo moja watu wote, nikatoka na kikohozi na jina la mwizi. Aliyezichukua ni mjukuu wake, yule wa kofia nyekundu. Simtaji, anajijua, na kila nikimwona namsalimia kwa nguvu ili ajue kwamba najua. Mhalifu wa pili ni askari aliyeniuliza, "Kama hukuiba, mbona unatetemeka?" Afande, ulikuwa umenivua shati.

Huko ndani ndiko nilikopata wazo, na wazo lililopatikana karibu na ndoo lina harufu yake. Niliwaza: yule bibi angejua kusoma ujumbe wake mwenyewe, mimi nisingekuwa hapa. Nilipotoka nikauza mwavuli, nikatangaza darasa la kusoma na kuandika, kwa simu, mtandaoni, bure.

Mke wangu alikuwa anapaa samaki. Hakuinua hata kichwa.

"Umeacha fedha ukafundishe bure?"

"Ndiyo."

"Wewe wa la saba?"

"La saba ni shule."

"La nne ulirudia."

Ndiyo ubaya wa kuoa mtu mliyesoma naye.

Ubao sikuwa nao, lakini nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba. Nikawa naandika herufi pale kwa chaki, napiga picha, narusha kwenye kundi pamoja na sauti yangu ya maelezo. Jirani alipoona herufi kubwa upande wake wa jiwe akadhani jiji limekuja kuweka alama za kubomoa. Alihamisha vyombo.

Wanafunzi wangu waliingizwa kundini na watoto wao, na makundi waliyoyazoea ni ya maombi. Kwa hiyo kila nilipotuma somo, wao walijibu kwa sauti, "Amina, mtumishi." Nimefundisha A, amina. Nimefundisha B, amina. Mmoja alijitoa, akasema cha bure hakikosi nyoka ndani. Wengine walibaki, akiwemo dada yangu mkubwa wa Buhongwa, ambaye shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndama.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika L na R.

Mimi nimekulia nje kidogo ya Bujora, na ulimi wangu hizo herufi mbili unaziona ni mapacha. Mhalifu hapa ni mwalimu wetu wa darasa la pili. Alituchapa kwa kuchanganya L na R, huku akihesabu viboko kwa sauti: "Moja! Mbiri! Tatu!" Sasa mtoto ajifunze nini hapo?

Nilirekodi somo lile mara nyingi. Kwa masikio yangu nilikuwa nasema vitu viwili tofauti. Mke wangu alisikia kimoja. Mwishowe, kwa uchovu na kiburi, nikawapa wanafunzi kanuni yangu mwenyewe: "Ukishindwa kuchagua, weka R. L ina mguu mmoja, R ina miguu miwili, haianguki."

Amina, mtumishi.

Dada yangu aliishika kanuni ile kuliko amri kumi. Na alikuwa na haraka, maana binti yake wa pekee alikuwa amepata mchumba, kijana wa familia moja ya Kagera, watu wa kahawa na vyeti. Wazazi wa kijana wangekuja Jumamosi kuleta posa. Baba yake kijana, mwalimu mstaafu wa sekondari, alituma ujumbe wa heshima kuuliza kama kuna jambo la kuzingatia kabla ya safari.

Siku zote binti ndiye aliyekuwa anamsomea na kumjibia. Safari hii dada alisema, "Lete hapa. Na mimi nina mwalimu."

Buhongwa nyumba zinaota kama uyoga, na wageni wetu hupotea kila mara. Dada alitaka kuwaambia waulizie kwanza ni mahali gani. Kwa hiyo ujumbe wake wa kwanza tangu azaliwe ulisema hivi:

"Kitu cha kwanza ni mahari. Msije bira kujua mahari. Wengi wamepotea kwa sababu ya mahari."

Jibu halikuja siku hiyo. Lilikuja kesho yake, kwa simu ya kijana. Wazee wamekasirika. Safari imevunjwa. Baba amesema kwamba amesoma sana maishani, lakini hajawahi kupokea ankara kabla ya chai.

Nilipofika Buhongwa, mpwa wangu alikuwa amejifungia chumbani analia. Dada alikuwa amekaa na simu mapajani.

"Mwalimu wa bure umekuja?"

"Dada, hapa ilitakiwa L."

"L si ina mguu mmoja?"

"Ndiyo, lakini..."

"Si wewe uliyesema inaanguka? Haya, imeanguka. Imemwangukia mwanangu. Mpigie huyo mzee."

Nikapiga. Mkono ulitetemeka na shati nilikuwa nalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi ni mjomba wa binti. Na ndiye mwalimu wa aliyeandika."

"Mwalimu wa shule gani?"

"Ya mtandaoni, mzee. Bure."

"Hiyo bure imeonekana."

"Mzee, kuna kosa dogo. Dada hakumaanisha mahari. Alimaanisha mahari."

"Rudia."

"Hakumaanisha mahari, mzee. Mahari!"

"Kijana, unanichezea?" Mtu wa mvi zangu, kaniita kijana.

Dada alikuwa ameshika kichwa. Kilio cha chumbani kilikuwa kimenyamaza. Mpwa alikuwa anasikiliza mlangoni. Niliukunja ulimi, nikaunyoosha, nikausukuma kwenye meno. Ukatoa R. Nikakata tamaa, nikasema nilichoweza:

"Mzee, mahari ziko mbiri. Kuna mahari ya ng'ombe, na kuna mahari ya kufika. Dada alitaka ya kufika."

Nikasikia upande wa pili mtu anakohoa. Kikohozi kikawa kirefu, kikapanda juu, nikatambua kwamba si kikohozi. Mzee alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi, anamwita mke wake: "Njoo, njoo umsikie huyu! Hebu rudia, mwalimu. Ya nini?"

"Ya kufika, mzee."

Nilirudia kwa mke wake, kwa shangazi, na kwa mtu mwingine ambaye mpaka leo sijui ni nani.

Jumamosi walikuja. Mjomba katika posa ni mtu wa kukaa mbele, lakini dada aliniweka barabara kuu ya Shinyanga kuwapokea. "Wewe ndiyo mahari yenyewe," alisema. "Simama hapo wakuone. Na ukishawaleta, mdomo wako ubaki nje."

Nikawaleta, nikabaki uani na masufuria. Kupitia dirishani nilimsikia mzee akianza hotuba: "Tunashukuru, ya kufika tumeifikia. Sasa tuzungumze ya ng'ombe." Nyumba ilicheka, na sauti ya mpwa wangu niliisikia juu ya zote. Walikubaliana ng'ombe wangapi sijui. Mimi nilikuwa nanusa pilau.

Simu ikalia. Ujumbe wa dada, kaandika mwenyewe:

"Ingia ndani. Mahari pako papo mbere."

Mtu mwenye akili angeingia. Mimi ni mwalimu. Nikamjibu: "Vizuri, ila hapo ni L. Mara mbili."

Jibu likaja papo hapo:

"Basi baki nje. Chakura kimeisha."

Nikaingia mbio. Hilo lilieleweka lilivyo.