Mwendo wa Baba Ndani ya Kompyuta

Mwaka wa pili baada ya baba kufariki, niligundua kwamba nimeusahau mwendo wake. Sura ninayo, kwa sababu kitambulisho chake cha kazi kipo kabatini. Sauti ninayo pia, huwa inanitoka mimi mwenyewe nikikasirika. Mwendo ndio uliopotea. Niliona aibu, na niliogopa, maana kitu kikishatoka kichwani mwangu huwa hakirudi.

Ndiyo sababu mimi, mtu mzima, karani wa kutoa mizigo pale bandarini, nilijiandikisha kujifunza katuni zinazotembea kila Jumamosi. Wenzangu kazini walisema afadhali ningeanza pombe. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja mtaa wa Chikongola, juu ya duka la mabati, kina kompyuta nne, mojawapo ni ganda tupu lakini na yenyewe ilihesabiwa. Programu ilikuwa ya majaribio: siku thelathini, kisha inajifunga. Mwalimu wetu, kijana mpole, hakuwa na nyingine. Basi kila Jumamosi kabla ya somo alizirudisha kalenda za kompyuta hadi tarehe mosi Aprili, programu isijifunge. Mvua zilikatika, mikorosho ikachanua, korosho zikaokotwa, malori yakapanga foleni kuelekea bandarini. Kwetu sisi mle ndani ilikuwa tarehe mosi Aprili.

Somo la kwanza lilikuwa mpira unaodunda. La pili lilikuwa gunia. Mwalimu alitaka gunia lionyeshe furaha. Baba yangu alibeba magunia ya korosho maisha yake yote na mimi nimekulia karibu nayo, sijapata kuona lenye furaha. Nililichora hivyo hivyo, likacheka.

La tatu ndilo nililolifuata: mtu anatembea, hatua mbili, picha kumi na mbili.

"Tafuta mtu halisi umtazame," alisema mwalimu.

Mtu wangu alikuwa kaburini. Lakini nilikumbuka kwamba yupo mtani wa ukoo wetu, bibi mmoja jirani yetu mtaani Likombe. Siku ya mazishi alifanya kazi ya watani kama inavyotakiwa: alivaa koti la baba, akabeba mto begani kama gunia, akatembea kama yeye mbele ya jeneza huku akilizuia njia, mpaka wafiwa wakacheka na machozi yao. Nikamfuata. Alidai jogoo, akapewa, na Jumamosi akapanda ngazi za chuo na koti lile lile, kwa sababu mtani akishavaa nguo ya marehemu hairudishi.

Alipita katikati ya meza ameinama upande wa kushoto hadi bega likakaribia kugusa kiti, mguu mmoja unaburuzwa, mto uko juu. Kila hatua ya tatu alisimama kupenga kamasi.

"Na wewe mwalimu wa ntoto huyu," akafoka, "kaa vizuri, maiti anapita!"

Mwalimu akakaa vizuri. Kisha akaniambia nitie chumvi, kwani katuni bila chumvi haina uhai. Mimi ni mtu wa kutii. Nikaweka chumvi juu ya chumvi, wiki baada ya wiki, mpaka baba akapatikana: bega liko gotini, mguu unafagia sakafu, pua inavuja kwa mpangilio. Nilijivunia mno. Nikamleta mama aone.

Mama alikaa, mkoba mapajani. Nikabonyeza. Baba akaanza kwenda.

"Mbona hafiki?" akauliza.

"Ndivyo ilivyo, mama. Anatembea pale pale."

"Tangu lini baba yako akatembea pale pale?"

Alitazama tena kwa muda mrefu, kisha akasema, kwa upole, "Huyu ni yule bibi."

Mara moja nikaona kwamba ni kweli. Mtani kazi yake ni kumharibu marehemu ili walio hai wapate kucheka. Mimi nilikuwa nimeuchukua mzaha wa msibani nikaufanya ushahidi. Nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Mama, nimesahau alivyotembea."

Hakunigombeza. Aliweka mkoba kwenye kiti, akakaza kanga, akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Hakuinama. Hakuburuza mguu. Alikwenda taratibu, kifua mbele kidogo, ila mkono wa kulia aliuacha nyuma, kiganja wazi, kama mtu anayengoja ushikwe.

"Hapa nilikuwa mimi," akasema, akionyesha nafasi tupu nyuma yake. "Miaka yote. Alikuwa anaona aibu kunishika mbele za watu, lakini mkono hakuuondoa."

Nilimwona baba. Nilimwona mzima, akienda sokoni Jumapili, na mama hatua moja nyuma yake.

"Hesabu hatua, hesabu," mwalimu alikuwa akininong'oneza, lakini sikuwa nimehesabu kitu. Nikamwomba mama arudie. Akakataa, akasema yeye si mtani, akakaa na kutafuta leso kwenye mkoba. Nikafungua ukurasa mpya, nikaanza na ule mkono.