Goti Lililokunjika Kinyume

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, hapa Uvira, nilichagua kutengeneza filamu fupi ya katuni kwa kompyuta: bibi mmoja anatoka shambani Runingu na mzigo wa mihogo kichwani, anaelekea soko la Sange. Nilimchora nikimfikiria nyanya yangu, hata namna anavyokaza mdomo akichoka. Uso ulitoka vizuri. Lakini siku ya kumwonyesha darasani, nilipobonyeza atembee, goti lilikunjika kinyume kama mguu wa nyuma wa mbuzi, na nyayo zikateleza kama anasukumwa. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema tu, "Rudia. Juma lijalo jury inakuja kuzipima filamu zenu."

Nilirekebisha, nikafuta, nikaanza upya. Kila nikigusa goti, kiuno kinapinda. Nilikuwa nimeanza kumkalisha bibi kwenye kigoda, ili nisiihitaji miguu yake kabisa, ndipo mwanafunzi mwenzangu akavuta kiti karibu. Alikuwa binti wa wafugaji wa milimani. Sisi ni watu wa bondeni, Ruzizi. Hatukuwa na ugomvi, ila miaka yote ile tulikuwa tukisalimiana tu, kila mmoja akijihadhari na mwenzake.

"Nionyeshe mifupa yake," akasema.

Nikamfungulia ile mifupa ya ndani ambayo kompyuta huitumia kusogeza mwili.

"Weye ulimunyoosha mguu kama fimbo. Mashini itajua namna gani goti inakunjika upande gani? Mukunje kidogo kwa mbele, kisha umutembeze."

Nikafanya hivyo. Goti likatii. Nilipiga vigelegele hadi mlinzi akachungulia dirishani.

Kuhusu kuteleza, alinionyesha jinsi ya kuubana unyayo mmoja chini mpaka ule mwingine ukanyage. Hata hivyo bibi alitembea kama amebeba pamba. Mwenzangu akatoka, akarudi na ndoo ya maji kichwani. "Piga video," akasema, akatembea koridoni huku na huku. Kila hatua kiuno kilishuka, shingo ikabaki wima. Alilowa mabega, nasi tukacheka kwa mara ya kwanza pamoja.

Aliendelea kuja kila alasiri.

"Na filamu yako?" nikamuuliza.

"Yangu itaenda. Minye nataka nione huyu mumama anafika soko."

Siku ya jury, bibi yangu alitembea. Nyanya, aliyekaa nyuma ya ukumbi, alisema kwa sauti, "Mumusaidie mzigo, amechoka huyo!" na watu wakapiga makofi. Kisha ikaja filamu ya mwenzangu. Sehemu moja ilikuwa michoro ya penseli tu, haijatiwa mwendo. Wale wa jury wakamuuliza sababu.

"Muda ulinishinda," akajibu.

Nikasimama bila kuitwa. Nikaeleza muda huo ulikokwenda, nikataja goti, nyayo na ile ndoo. Wale wa jury wakashauriana kidogo, wakampa nafasi ya kuimaliza, na aliimaliza. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Jumapili nikamleta kwetu Nyamianda. Mama, ambaye zamani aliniambia niwe mwangalifu na watu wa juu milimani, alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachagua samaki, mukeke mkubwa kuliko wote, akauweka juu ya bugali yake.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Huyu wetu angeshindwa bila weye."

Nami niliona haya kidogo, lakini nilishukuru sana.