Dola ya Fedha Niliyoisugua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi hizi kichwani, huinamisha uso kama niliyesimamishwa mbele ya watu. Si siku niliyoibiwa wala niliyofilisika. Hayo yalinipata pia, na nimeshayasamehe. Hii ni siku niliyomsingizia maiti.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa Guangzhou, kijana wa Unguja mwenye maneno mengi, nikinunua nguo kule Shisanhang, soko la nguo za jumla, na kuzipakia kwenye makontena kuja nyumbani. Nguo zilinipa riziki, lakini kiburi nilikipata kwingine. Nilipenda dola za kale za fedha. Katika kichochoro cha pili kutoka pale palikuwa na kibanda cha sarafu, na baadhi ya sarafu zake zilikuwa zimefungwa ndani ya vikasha vigumu vya plastiki kutoka Marekani. Mwenye sarafu huipeleka kwa watu wasiomjua muuzaji wala mnunuzi. Wao huitazama, huipa daraja kwa namba, mwisho sabini, kisha huifungia humo pamoja na karatasi ya namba ile. Muuzaji husifu na mnunuzi hukosoa, kwa hiyo hukumu hupewa mtu wa tatu.

Nisikufiche, mimi nilikuwa na jicho. Mwenye kibanda huziba ile namba kwa kidole gumba, nami hukigeuza kikasha chini ya taa nikitazama mwanga unavyokimbia juu ya sarafu. Sarafu isiyochezewa, mwanga wake huzunguka kama tairi la baiskeli. Ukiisugua itang'aa, naam, lakini ule mwanga utasimama palepale, umekufa. "Sitini na tatu," nasema. Kidole kinaondoka: sitini na tatu! Watu wanacheka, wananipiga mabegani. Wakanibandika jina la Jicho. Mtu akishapewa jina kama hilo, mwanangu, huanza kulitumikia.

Vifungo na zipu nilinunua kwa bibi mmoja tuliyemwita Apo, ndivyo watu wa kule wanavyomwita mwanamke mzee kwa heshima. Alikuwa mjane. Meza yake ilitazamana na ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na wawili wale walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Asubuhi moja Apo akafungua kitambaa, akanionyesha dola ya Meksiko. Upande mmoja tai kamkamata nyoka, upande wa pili kofia yenye miale. Ilikuwa nzuri ajabu, isipokuwa doa jeusi kifuani mwa tai.

"Mume wangu alinipa siku aliyonioa," akasema. Alisema polepole, maana Kichina changu kilikuwa cha sokoni. "Wifi yangu anasema ni bati. Miaka hamsini anasema. Mume wangu amekufa na maneno hayo. Wewe una jicho. Ni ya kweli?"

"Ya kweli, Apo."

"Wewe rafiki yangu, atasema nimekuhonga. Nataka wale wa Marekani waseme."

Nilikuwa na safari ya Hong Kong, na huko palikuwa na wakala wa kuzipeleka sarafu Marekani. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Amana, mwanangu. Nami badala ya kuifunga katika kitambaa changu na kunyamaza, nikapita kwanza kwenye kibanda cha sarafu kujitapa. "Hii itarudi na sitini na nne," nikawaambia. Mwenye kibanda akalitazama lile doa, akatikisa kichwa. Wenzake wakacheka, na safari hii hawakucheka pamoja nami.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lilishanitoka, na sasa nilitaka dola ya watu ilitimize. Asubuhi ya safari, chumbani kwangu, nikachukua mswaki na dawa ya meno. Nilijua. Usije ukasema kijana yule hakujua. Nilikuwa nimewacheka wengine kwa jambo lilelile. Nikajiambia naligusa doa tu, kidogo tu. Doa likatoka, likabaki baka jeupe kifuani mwa tai, basi nikaendelea kusugua pande zote zilingane. Nilipoigeuza dirishani, mwanga ulisimama.

Miezi miwili baadaye ilirudi bila kikasha, ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni, na kikaratasi kimeandikwa kwa Kiingereza: imesuguliwa, haipewi daraja.

Apo hakusoma Kiingereza. Akanitazama mdomoni, na wifi yake akaacha kupanga zipu ili asikie. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikasema, "Wameshindwa kuihukumu, Apo. Wanasema ilisuguliwa. Labda zamani, kabla hujapewa."

Wifi akacheka puani. Apo alifungua droo ya vifungo vilivyovunjika, akaitumbukiza humo, akaniuliza nataka dazeni ngapi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Haikupita wiki, nikaitwa na Ami Masoud, mzee wa Kitanga aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu. Sisi wote tulimwita Ami, na sote tulimwogopa kidogo. Naye alikuwa mteja wa Apo, na Apo alimpa kile kikaratasi amsomee upya. Nilipoingia hakunikaribisha kiti.

"Ile dola nimeishika," akasema. "Katikati ya manyoya ya tai mna unga mweupe umeganda. Mume wa yule bibi alikuwa na dawa ya meno ya mnanaa miaka hamsini iliyopita?"

Akakiweka kile kikaratasi mezani mbele yangu.

"Kuharibu mali ya mtu ni kosa, na makosa hulipwa. Lakini wewe umemsingizia marehemu. Yeye yuko kaburini, hana ulimi wa kujitetea, nawe umemvika aibu yako. Bibi wa watu sasa analala akidhani alihadaiwa siku ya harusi yake, akapewa bati lililosuguliwa ling'ae."

"Ami, nitakwenda kumwambia faragha."

"Faragha? Ulimsingizia mbele ya wifi. Utakanusha mbele ya wifi."

Nilikwenda kesho yake, soko limejaa, wachukuzi wanapiga kelele wapishwe njia. Nikasimama kati ya zile meza mbili. Neno la kusugua kwa Kichina nilikuwa silijui. Nikajipiga kifua, nikasema, "Mimi. Dola. Mimi," kisha nikafanya kwa mkono kama mtu anayepiga mswaki. Watu wakacheka, wakidhani nafanya vichekesho. Nikarudia. Nikasema, "Mume wako, hapana. Mimi." Kicheko kikakatika. Uso uliniwaka, mwanangu, hata masikio nikayasikia.

Apo akauliza jambo moja tu: "Basi ni fedha ya kweli?"

"Ya kweli. Ingekuwa bati wangeandika bati. Hawajishughulishi na mswaki juu ya bati."

Akamgeukia wifi yake, akamtazama. Yule mama aliinamia zipu zake na hakuinua kichwa. Apo akaitoa dola drooni, akapitisha kidole kifuani mwa tai, pale palipokuwa na doa.

"Miaka ya taabu niliishona ndani ya ukosi wa nguo," akasema. "Usiku na mchana, hapa." Akajigusa nyuma ya shingo. "Ule weusi ulikuwa jasho langu."

Nilimwomba radhi. Nikataka kumtafutia dola nyingine, akakataa kwa kiganja. Hakunitukana. Aliendelea kuniuzia vifungo mwaka mzima, hesabu sawasawa, lakini hakunishikisha tena kitu chake wala hakuniuliza tena jambo lolote. Adhabu hiyo sikupata pa kuikatia rufaa.

Ndiyo maana, mwanangu, nakwambia haya nikiwa na aibu yangu mkononi. Ukipewa amana, irudishe kama ulivyoipokea, hata ukiona ungeweza kuipendezesha. Unachokiona uchafu kwa mwenzio, uliza kwanza, huenda ndicho alichobakiwa nacho. Usitabiri kwa kujitapa, maana utakuja kuuharibu ukweli ili utabiri wako usimame. Na ukikosea, sema ni mimi, siku ileile, mbele ya walewale waliosikia uongo. Kamwe usimtwike kosa lako asiyeweza kujibu: aliyekufa, aliye mbali, asiyejua kusoma.

Nenda, baba. Mola akupe jicho la kupima vitu, na akupe haya ya kujipima mwenyewe. Akuepushe na sifa zinazokuzidi kimo. Na utakapomkosea mtu, maana utamkosea, akupe miguu myepesi ya kumrudia angali hai. Amina.