Kinu cha Sombe

Nilipokuwa mtoto kule Kibondo, nilikiogopa kinu kuliko nyoka. Nyoka ukimwona unakimbia. Kinu kilikuwa palepale jikoni kila siku, na kila mtoto wa kike aliijua habari yake: ukikikalia, mama yako anakufa. Darasani kwetu alikuwepo msichana aliyefiwa na mama, na sisi, kwa ujinga wetu, tulishamhukumu kwamba alikalia kinu.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa hospitali tangu jana yake, uchungu umemshika na mtoto hataki kutoka. Baba alikuwa naye huko. Bibi mzaa mama alikuja kutoka Nyakitonto kunitunza, na asubuhi ile akaamua tupike sombe, ili Baba akija aondoke nayo.

"Mwanangu akimaliza kazi yake atataka kula," alisema.

Basi tukachuma majani machanga ya muhogo, Bibi akayatwanga mpaka yakalainika, akayabandika bila kifuniko, maana sombe haifunikwi, sumu yake itoke na mvuke. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchuma nyanya chungu.

"Koroga, isishike chini," akaniagiza.

Nikakoroga. Moshi ukaniingia machoni, miguu ikachoka, nikarudi nyuma nimefumba macho, nikakaa. Nilipofumbua, nilikuwa juu ya kinu.

Niliruka kama niliyeungua. Nimemuua Mama! Sikudhani, nilijua. Kila pikipiki iliyopita barabarani nilitega sikio, hao wanaleta habari. Nikaendelea kukoroga huku machozi yanadondokea humohumo chunguni.

Bibi aliporudi alinitazama, akasema, "Hebu geuka."

Nyuma ya gauni langu la njano kulikuwa na duara la kijani, ukubwa wa mdomo wa kinu.

"Yewe! Umekikalia?"

"Sikukusudia, Bibi. Mama atakufa?"

Nilitegemea kofi. Lakini Bibi alitazama barabara ya kwenda hospitali, na nyanya chungu zikamponyoka mkononi, asiziokote. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu ni mtoto wake.

Akakaza kitenge chake, akaketi juu ya kinu, mzimamzima.

"Kinu hakishiki wawili," akasema. "Kinamshika aliyekaa mwisho. Na mama yangu mimi tulishamzika zamani. Haya, lete mawese."

Hakuinuka tena. Akiwa palepale alikatia nyanya chungu chunguni, akamimina mawese, akatia dagaa, mimi namsogezea kila kitu. Nilipomwambia ahamie kwenye kigoda alinikemea.

"Niinuke ili kikukumbuke wewe?"

Saa tisa mchana Baba akatokea na baiskeli, akamkuta mkwe wake juu ya kinu. Masikini, hakujua atazame wapi.

"Mama, amejifungua," alisema, macho chini. "Wa kiume. Wote wazima."

Bibi akaangua kilio. Alipoinuka, kitenge chake nacho kilikuwa na duara la kijani.

Sheria ile ya aliyekaa mwisho sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, si Kasulu wala Kakonko, na nimeuliza sana. Naamini Bibi aliitunga palepale, kwa hofu, kwa ajili yetu sote watatu.

Mama tulimzika mwaka juzi, na kinu nikakirithi mimi. Mwezi uliopita nilikuwa nimebandika sombe, nikageuka, nikamkuta binti yangu amekikalia, simu mkononi, hana habari. Mimi ni mwalimu wa sayansi na mambo hayo siyaamini. Lakini moyo ulinipasuka vilevile kama siku ile. Nikamwinua, nikaketi mimi. Kumbe aliyefiwa na mama bado ana kitu cha kumpa mwanawe.

"Mama, kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Lete mawese," nikamwambia, na sikuinuka mpaka sombe ilipoiva.