Siku Magokoro Alipomjibu Mshenga

Uji wa wimbi ukianza kutokota jikoni kwangu na ile harufu yake ya uchachu ikapanda, mimi huacha nilichokuwa nikifanya. Watoto wangu hucheka. "Mama ameenda Nyamira tena," husema. Ni kweli, huwa nimeenda. Ni mwanzo wa miaka ya sabini, bomani petu karibu na Sironga, na mama mzazi wa babu yangu ameketi mlangoni pa nyumba yake, miguu kainyoosha juani, ananigombeza nikoroge vizuri nisiuunguze uji wake.

Tulimwita Magokoro, yaani nyanya, ingawa jina lake hasa lilikuwa Kwamboka. Alikuwa mfupi, mweusi tititi, na mdomo wake haukujua kufungwa. Mwinjilisti wetu alipomwomba apunguze kuongea wakati wa mahubiri, alimjibu apunguze mahubiri kwanza. Mimi nilimpenda mno bibi yule, na mpaka leo nikimtaja kifua hunijaa.

Jambo moja tu halikutajwa mbele ya watu, nalo ni alikotoka. Magokoro hakuzaliwa Mgusii. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kwa majirani zetu Wakipsigis, na alipokuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto, njaa kali iliwaingilia kwao. Baba yake alimbeba mgongoni, akavuka naye mto, akamwacha kwenye boma la watu wetu, naye akarudi kwake na kapu la wimbi. Ndiyo maana akapewa jina Kwamboka, jina la mtu aliyevuka. Akalelewa papo hapo, na alipokua akaozwa kijana wa boma hilo. Hayo alitusimulia sisi watoto tukichambua maharagwe, halafu babu akatuonya tusiyarudie shuleni. Babu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, lakini donda lake lilikuwa hilo. Kwetu mtu hutambulika pia kwa wajomba zake, na yeye hakuwa nao. Watu wakigombana naye mtoni au sokoni, neno lilikuwa tayari: mama yako ni mtoto wa kapu.

Sasa shangazi yangu Bosibori, kitinda mimba wa babu, akapata mchumba kutoka Tabaka, kijana mchonga mawe ambaye vumbi jeupe halikumtoka kwenye kope hata siku ya Sabato. Shangazi alimpenda kijana yule hadi akawa anatia chumvi kwenye mboga mara mbili. Lakini kupendana si hoja. Kwanza lazima aje mshenga, ambaye kwetu huitwa esigani, achunguze ukoo: kuna uchawi? kuna wendawazimu? wajomba ni akina nani? Akirudi na neno baya, basi, posa imekufa. Shangazi alilijua hilo vizuri.

Babu alimwendea mama yake, akamwomba siku hiyo asingizie ugonjwa, abaki ndani. Magokoro akakubali bila neno. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka.

Mshenga alikuja, mzee mpole mwenye kofia na macho yasiyopitwa na kitu. Aliketi uani akapewa kibuyu cha uji, kwa kuwa sisi Wasabato wa siku zile tulilima chai, tukaiuza, lakini tukaogopa kuinywa. Aliuliza hili, akauliza lile, babu akajibu vizuri. Kisha akapangusa mdomo. "Na mama yako, mzee, kwao ni wapi?"

"Marani," akasema babu, mtu ambaye hata kwenye mizani ya majani ya chai hakuwahi kudanganya.

"Ala! Marani!" Mshenga akachangamka. "Mke wangu ni wa huko huko. Boma gani?"

Babu akashikwa na kikohozi. Wee! Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na shangazi mlangoni akafunika uso kwa leso. Tukajua yamekwisha.

Ndipo Magokoro akatoka. Alitembea polepole na fimbo yake mpaka mbele ya mgeni, akaonyesha kibuyu.

"Uji mtamu, mwanangu?"

"Mtamu, mama."

"Basi unywe kwa heshima. Mimi nilibadilishwa kwa wimbi kama huo. Kwetu si Marani. Kwetu ni ng'ambo, kwa Wakipsigis."

"Mama!" babu akaguta.

"Nyamaza, umeshakohoa vya kutosha." Akamgeukia mshenga tena. "Wajomba wa huyu wapo, ila hawajui kama niliishi, wala mimi sijui kama wimbi ule uliwafikisha hadi msimu wa mvua. Kawaambie waliokutuma hivyo hivyo. Waambie mtoto wa kapu alizaa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa akamzaa msichana wanayemtaka. Wakimkataa, hasara yao."

Mshenga akakitazama kibuyu chake. Nilidhani Magokoro amemaliza. Kumbe bado.

"Bosibori! Njoo hapa. Mimi hakuna aliyeniuliza. Baba yangu hakuniuliza, wa hapa hawakuniuliza. Wewe nakuuliza, na mgeni asikie. Unamtaka kijana huyu wa Tabaka?"

Siku zile msichana hakufungua mdomo mbele ya mshenga. Shangazi alikuja, macho mekundu, akasema, "Namtaka."

Mshenga akavua kofia. Akaomba uji mwingine. Na mwezi haukuisha ng'ombe wakaingia bomani kwetu, na ujumbe kutoka Tabaka kwamba nyumba isiyoficha kitu ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Babu mwenyewe alimshika mama yake mkono akamketisha mbele ya wageni wote, akasema, "Huyu ndiye mama yangu. Alivuka mto." Sikuwahi kumwona akisimama wima namna ile.

Mimi wakati ule niliona tu kwamba Magokoro amewashinda watu wazima wote kwa mdomo, nikafurahi. Miaka ikapita, yeye akatutoka, na zamu yangu ikafika. Wazee wa pande zote wakiwa wameketi, baba aliniita katikati yao akaniuliza kama namtaka aliyekuja kuniposa. Wageni walitazamana. Kwao msichana haulizwi. Nilipotaka kujibu nilimwona mtoto mgongoni mwa baba yake, anavushwa mto, meno ya mbele hana, na hakuna anayemwambia anapelekwa wapi. Watu wakadhani naona haya. Baba akangoja.

"Namtaka," nikasema, na nikasema kwa nguvu ya kututosha sisi wawili, mimi na mtoto yule.