Mashine Tuliyotoa Badala ya Kuku

Nikumbuke siku gani nyingine, mwanangu, kama si ile tuliyotolewa uwanjani Jinja na mashine yetu wenyewe? Hata leo nikiitaja damu inanichemka. Jana ulikuja hapa kutoka kwenu jirani, meno yote nje, ukaniambia kitu ulichobuni kimesikika mpaka ng'ambo, na wiki hii wageni wanakuja kukitazama, wakipige picha, wakifungue ndani. Nikaendelea na kazi yangu. Ukadhani mama wa watu amezeeka, hajaelewa. Nimeelewa sana! Weka hiyo simu chini, kaa, usikilize habari ya marehemu mume wangu na ya kidole gumba changu hiki.

Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za askari wa magereza, Jinja, hapa Uganda. Baba yangu alikuwa askari jela kutoka kaskazini, majirani walikuwa wa kila kabila, kwa hiyo sisi watoto lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Mjini watu wakitusikia walikunja uso, wakasema hiyo lugha ya wanajeshi, na siwalaumu, maana wengi wao waliisikia kwanza ikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Wamimbi, huyo mume wangu, hakukunja uso. Yeye alikuwa Mgisu wa kijijini Busiu, mwenye karakana ndogo Namakwekwe, pale Mbale, akichomelea vyuma vya baiskeli na milango. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. "Kulala" kwake ilikuwa "kurara", na nilimtania kwa hilo maisha yetu yote. Tulioana mwanzoni mwa ile miaka ya tisini.

Mavuno ya kwanza akanipeleka Busiu kwa mama yake. Jamani! Mimi mtoto wa kambi nilizoea posho ya serikali, mahindi nilikuwa nayaona yakiwa yameshakuwa unga. Mama mkwe akanimwagia rundo mbele, akasema bibi harusi, pukuchua. Nikapukuchua mpaka gumba likatoka malengelenge. Wamimbi naye kakaa kwenye kigoda, ananitazama. Hatazami uso wa bibi harusi wake, anatazama mkono.

"Rudia," akasema.

"Unanicheka?"

"Rudia, mama. Polepole. Wewe hupigi hindi. Unalisukuma kwa ubavu, punje inaachia yenyewe."

Mashine za kupukuchua tulizokuwa tukiziona wakati ule zilikuwa zinapiga tu, pa pa pa, punje nyingi zinatoka zimevunjika. Na punje iliyovunjika haioti ukiipanda, wala haikai ghalani, wadudu wanaimaliza. Wamimbi akarudi Namakwekwe na mkono wangu kichwani mwake. Akachonga ngoma ya mti ya kuzunguka, akaipigilia meno ya chuma yaliyolala upande, vile vile gumba langu lilivyokuwa linalala, akaiunga na pedali na cheni ya baiskeli. Ubavuni akaweka bati nene alilolikata kwenye mlango wa lori bovu la jeshi lililotelekezwa kando ya barabara. Bati hilo lilikuwa na tundu, pale kilipokuwa kitasa cha mlango. Hakuliziba. Alizibe kwa nini? Halikumsumbua. Likumbuke hilo tundu, mwanangu, nitalirudia.

Siku ya kuijaribu, wanawake wa Busiu walipiga vigelegele mpaka taksi za barabara ya Tororo zikasimama kuuliza kuna harusi ya nani. Mtu anakaa, anakanyaga pedali, mahindi yanatoka mazima, hakuna hata kidole kimoja kinachouma. Mama mkwe alichukua punje kiganjani, akazigeuza, akaniambia, "Mwanamke wa kambi, gumba lako limezaa."

Habari hiyo ikamfikia mgeni mmoja, Mzungu, mhandisi, aliyekuja na mradi wa kuwafundisha wakulima kuhifadhi mahindi. Akaja Namakwekwe. Akaja tena. Nikuambie ukweli, alikuwa mtu mzuri wa kukaa naye, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikula kwetu malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayopika na karanga, akaomba kuongezewa. Alimshika Wamimbi bega, akamwita rafiki. Alipima kila jino kwa rula yake, akachora, akapiga picha mbele, nyuma na tumboni. Wamimbi mwenyewe alimfungulia bolti. Tena kwa furaha! Mtu wa mbali amekuja kutazama kazi yako, utamfunika turubai? Na hakuna aliyemuuliza jina lake kamili wala anatoka kwa nani. Mgeni akishakaa kwenye kiti chako, kumhoji ni ukosefu wa adabu. Tulimwita Mgeni tu, mpaka anaondoka.

Sasa sikia tulivyomuaga. Kwetu mgeni wa namna ile haondoki mikono mitupu, anabeba kuku. Wewe unajua. Lakini msimu ule kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilikuwa kimepita Busiu yote. Mama mkwe alizunguka uani, hakuna kuku. Akakimbia kwa jirani, kwa jirani nako wamekwisha. Gari la mgeni tayari linaunguruma, watu wamejipanga kuaga, na mama wa watu anarudi anajifuta mikono kwenye gauni lake la gomesi, macho chini kwa aibu. Wamimbi akamtazama mama yake, akaona aibu ile, ikamshinda.

"Basi," akasema, "achukue ile mashine ndogo ya kwanza."

Tukapiga makofi wote. Mgeni akapangusa macho, akamkumbatia. Wamimbi akapanda juu ya gari kwa miguu yake, akaifunga mashine kwa kamba za mpira, akakagua mafundo isije ikaanguka njiani. Ndivyo ilivyoondoka, bati la mlango wa lori linang'aa juani, na watoto wanaikimbilia nyuma.

Ikapita miaka kadhaa. Wamimbi alizidi kutengeneza mashine zake, moja moja, kwa watu wa Busiu na wa milimani, na jina lake likakua. Nikamwambia twende Jinja kwenye maonyesho ya kilimo, huko wanakuja wakulima wa kila upande. Tulifikia kwa baba yangu, kule Mafubira, alikuwa ameshastaafu, analima viazi. Asubuhi tukaingia uwanjani na pikapu ya kukodi, mashine nyuma, Wamimbi kavaa shati la harusi.

Tukaiona kabla hata hatujashuka. Imepakwa rangi ya buluu, inameremeta, imewekwa juu ya jukwaa kwenye banda kubwa, na kijana mmoja mwenye tai, mwenzetu kabisa, anaelezea watu. Wamimbi akasogea, akatia mkono ndani, akazungusha ngoma. Meno yamelala upande. Gumba langu, mwanangu! Limesafiri, limerudi, limepakwa rangi. Mimi nikazunguka ubavuni, na pale pale, mahali pale pale, nikaliona tundu. La mviringo, tena wamelizungushia mpira mzuri mweusi.

"Kaka," nikamuuliza kijana, "hili tundu la nini?"

"Hilo la kupitisha hewa, mama. Wataalamu wamelifanyia utafiti."

Hewa! Nilipiga kelele mpaka watu wa banda la ng'ombe wakageuka. Hewa gani? Hilo ni tundu la kitasa! Kitasa cha mlango wa lori la jeshi! Wamekopi mpaka kitu ambacho mume wangu alikiacha kwa kukosa sababu ya kukiziba, halafu wakakitafutia kazi!

Kijana hakucheka. Macho yake yalikuwa yameiona pikapu yetu. Akauliza mashine ile tunaiuza? Tukasema ndiyo. Akasema basi tunaiba. Kampuni yake inaimiliki mashine hii kisheria, imesajiliwa ng'ambo na hapa nchini, na mtu mwingine akiitengeneza ni mwizi. Alilitamka neno hilo mbele ya Wamimbi, mbele ya watu, asubuhi ya Mungu. Halafu akamwita askari wa zamu.

Askari alikuwa mtu mzima, alimjua baba yangu. Alitusikiliza, nikamwonyesha tundu, nikamwonyesha meno. Akavua kofia, akajikuna.

"Mama, mimi hapana jua mambo ya meno. Huyu bwana iko na karatasi. Nyinyi iko na nini?"

Nikainua gumba langu juu. "Niko na hii, afande!"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile bado nakisikia nikiwa napika, nikiwa msibani, popote. Wamimbi akanishusha mkono, akatandaza turubai juu ya mashine yake, akaifunga pembe zote, tukatoka getini. Nyuma yetu wakulima walikuwa wanapanga foleni kukanyaga pedali ya ile ya buluu.

Kule Mafubira baba alitusikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Nilidhani atamlaani yule Mzungu. Akatugeukia sisi.

"Huyo mtu mlimpa mashine, jina yake nani?"

"Tulimwita Mgeni tu," nikasema.

"Mimi nimefunga watu maisha yangu yote," akasema. "Mfungwa akiingia jela, hata mkanda wake tunaandika. Hata kitana. Mwenye hajui kusoma anaweka dole. Siku anatoka, anadai mkanda wake, na hakuna bwana mkubwa anaweza kumnyima. Mwizi, mwanangu! Mwizi tunamwandikia mkanda. Na nyinyi watu huru mmetoa kitu ya kichwa yenu, hakuna shahidi, hakuna jina, mnapiga makofi?"

Mimi nilijibu, maana mdomo wangu unaujua. Nikamwambia baba, nani alikuja Busiu kutuambia? Wa mbolea walikuja. Wa makanisa walikuja. Wa kura walikuja na fulana na chumvi. Huyo wa kutuambia kuna ofisi Kampala ya kuandikisha ulichobuni kabla hujamwonyesha mtu, huyo hakuwahi kukanyaga kwetu! Na haya mambo wanayakubaliana wakubwa wa nchi hii na wa nchi ile, wanatia sahihi, wanapiga picha, halafu fundi wa Namakwekwe anakuja kuyajua akiwa tayari ameitwa mwizi. Baba akasema, "Hiyo pia ni kweli." Akarudi kwenye viazi.

Tulikwenda hiyo ofisi. Wakatupokea vizuri, wakatueleza vizuri, na maelezo yenyewe yalikuwa kwamba tumechelewa. Kampuni ile imetangulia kuandikisha, na sisi kitu tulishakianika hadharani. Tukitaka, tutafute wakili. Wakili! Wamimbi alicheka kicheko kibaya ambacho sijawahi kukisikia tena. Akaacha kutengeneza mashine zile, akarudi kwenye milango na madirisha. Na watu wa Busiu, wale wale waliopiga vigelegele, ya buluu ikiwaharibikia walimletea yeye. Alizitengeneza. Ningekuwa mimi ningezipiga nyundo.

Sasa kama hadithi ingeishia hapo, ningekuambia fungia kitu chako kabatini, wageni wafukuze. Lakini haikuishia hapo. Wamimbi alibuni kitu kingine. Kilihusu kahawa, hilo tu ndilo ninalolijua, kwa sababu alikuwa akirudi na harufu ya maganda ya kahawa mbichi kwenye nguo. Alikitengeneza nyuma ya karakana, chini ya lile turubai la Jinja, na hakumwonyesha mtu. Si mgeni, si mwanafunzi wake, si mimi. Nikiingia anafunika. Mimi! Mwenye gumba! Nilimwambia twende tukakiandikishe. Akasema karatasi ni za wale wenye tai. Akaugua ghafla, tukamzika Busiu. Tulipofunua turubai tulikuta vyuma, na vyuma vingine, na springi. Mafundi walikuja kutoka Mbale yote, wakavigeuza, wakavizungusha. Hakuna aliyejua ni nini kinakwenda wapi. Mwishowe viliuzwa chuma chakavu.

Cha kwanza walituchukulia. Cha pili tulijinyang'anya wenyewe, kwa hasira. Na sijui kipi kinaniuma zaidi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nayo nimeilipia. Hasira uwe nayo, unaruhusiwa, mimi bado ninayo. Ila isikufanye uzike kitu kilichoumbwa kiwasaidie watu. Kesho asubuhi nenda kaandikishe kilicho chako, wa kwanza, kabla mguu wa mgeni haujafika mlangoni. Mtafute anayeijua hiyo sheria, muulize mpaka achoke. Chora kitu chako, weka tarehe, weka mashahidi wanaokufahamu. Halafu fungua mlango, fundisha, uza, shirikiana na mtu wa nchi yoyote, lakini awe amekaa kwenye kiti, ametaja jina lake, na ametia sahihi ya nini anachukua na nini anakuachia. Akiona huko ni kukosa adabu, mwambie wewe umefunzwa na binti wa askari jela. Na mkumbuke yule mwenzetu mwenye tai: siku nawe utakapovaa tai, usije ukamwita mwizi mtu ambaye hujamuuliza alikotoka.

Mungu aibariki mikono yako na kichwa chako. Jina lako likae juu ya kazi yako mpaka wajukuu wako wachoke kulisoma, na siku ukiinua mkono kusema hiki ni changu, asiwepo wa kucheka. Sogea nikuwekee gumba hili kwenye paji la uso. Haya. Sasa inuka uende sokoni kabla hawajafunga, ukanunue kuku wawili, jogoo na tetea, uwafunge hapo uani. Wageni wako wakiondoka, nataka pawe na kitu cha kuwapa.